Maharage Tena

Mwanangu ana miaka sita, na ndiye aliyenishika. Jioni moja tulikuwa mkekani, sufuria katikati, nikamwambia aombee chakula. Akafumba macho: "Mungu, asante kwa maharage, ijapokuwa ni maharage tena. Amina." Dada zake wakaangua kicheko. Mimi nilinyamaza, kwa sababu ile "tena" niliijua. Ilikuwa yangu, na hata ile pumzi ninayoishusha kabla ya kuitamka alikuwa ameiigiza vilevile.

Mkataba wangu wa kazi ulikuwa umeisha bila kuongezwa, na kila nilipofunua sufuria nilitoa maneno ya kulalamika. Baba yao akichelewa, maneno. Maji yasipotoka, maneno, tena nayapeleka hadi kibarazani kwa jirani. Jumapili nipo kwaya, sauti ya pili.

Usiku ule nikafungua Biblia, kitabu cha Hesabu, sura ya 11. Waisraeli wamechoshwa na mana, chakula alichowapa Mungu jangwani, wanawakumbuka samaki waliokula Misri bure, na matango, na matikiti, na vitunguu. Bure! Watu waliofyatulishwa matofali kwa viboko wanasema walikula bure. Nikajiona humo, maana nami nilikuwa nikiisifia kazi ambayo, nilipokuwa nayo, nilikuwa nikijifungia chooni kuililia. Halafu nikaona kitu ambacho sikuwahi kukitilia maanani: walilia kila mtu mlangoni pa hema yake. Walisikilizana wao kwa wao. Kibaraza changu kabisa.

Kama nawe uko hapo, usianze kwa kujiapiza kwamba hutalalamika tena. Mimi niliapa Jumapili; Jumatatu, saa nne haijafika, nilikuwa nimeshamalizana na kondakta, foleni na mvua. Kilichonisaidia ni kubadili mlango. Yale ya kibarazani nikaanza kumpelekea Mungu yakiwa mabichi, kama Daudi kwenye Zaburi ya 13: "Hata lini?" Zaburi yenyewe ina mistari sita tu, na kwenye ule wa mwisho anaimba. Mimi kufika kwenye kuimba kulinichukua miezi.

Na ukishukuru, taja. "Asante kwa yote" ni sala ya mtu mwenye usingizi. Siku hizi nasema: asante kwa mkaa uliobaki wa kesho, asante kwa yule jirani aliyeniwekea madumu mawili ya maji mlangoni. Ni jirani yuleyule niliyekuwa nikimchosha masikio.

Ila shukrani usiifanye kizibo cha midomo ya watu. Paulo, akiwa kifungoni, aliwaandikia Wafilipi watende yote pasipo manung'uniko, na katika sura hiyohiyo ya pili anaeleza kwamba Epafrodito, mwenzake katika kazi, aliugua karibu na kufa, na kwamba angekufa ingekuwa kwake huzuni juu ya huzuni. Hakuificha. Kwa hiyo ukienda msibani usimhubirie mjane ashukuru. Kaa naye, osha vyombo. Na mwajiri akikalia mshahara wako, kadai. Hilo si nung'uniko.

Juzi nilisahau chumvi kwenye maharage. Kijana akaonja, akanitazama, akauliza: "Mama, hii tunamwambia Mungu au tunakwambia wewe?"

Nikamtuma jikoni akalete chumvi.