Ukitaka Historia ya Jengo, Usianze na Mwaka

Nilipoanza kufuatilia historia ya Kipande House, pale Kenyatta Avenue inapokutana na Loita Street, Nairobi, nilimwendea babu yangu na daftari mkononi. "Guka, lile jengo lilijengwa lini?" Akanyamaza, akaendelea na chai yake.

Jumapili iliyofuata nikabadilisha swali. "Guka, wewe ulienda kufanya nini pale?" Akaweka kikombe chini, akapeleka mkono kifuani, pale kilipokuwa kikining'inia kile kikopo cha bati. "Mbugi," akasema. Kengele ya mbuzi. Ndivyo Wagikuyu walivyokiita kipande, kitambulisho cha enzi za ukoloni kilichovaliwa shingoni ndani ya kikopo hicho. Alipanga foleni tangu alfajiri, akapakwa wino vidoleni, akatoka na karatasi ya kuandikwa kila mwajiri wake na mshahara aliomlipa. Bila hiyo, polisi wangemkamata.

Kwa hiyo uliza kwanza jengo lilifanya kazi gani. Mwaka utaupata tu. Hili la mawe lilijengwa 1913 likawa ghala la mizigo ya reli, na wakati mmoja ndilo lililokuwa refu kuliko yote Nairobi. Sheria ya kuandikisha wanaume Waafrika kuanzia miaka 16 ilipitishwa 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu vya Kwanza vya Dunia, na ghala likapata kazi iliyolipa jina. Mwanaharakati Harry Thuku alikuwa akipinga kipande hicho alipokamatwa Machi 1922, na watu waliokusanyika kudai aachiliwe wakapigwa risasi. Mwaka 1976 Kenya Commercial Bank ililinunua jengo hilo.

Ukienda kwenye nyaraka, tafuta majina ya zamani ya barabara. Nilipoteza siku nzima kwenye ramani nikitafuta Kenyatta Avenue, na kumbe kabla ya uhuru iliitwa Delamere Avenue, na kabla ya hapo Sixth Avenue. Nyumba ya nyaraka za taifa, Moi Avenue, nayo ilikuwa benki zamani, kwa hiyo ukiingia humo angalia kuta pia.

Na mzee wako mpeleke mwenyewe, angali na nguvu za kutembea mjini. Guka alisimama ng'ambo ya barabara, akakataa kuvuka. Akanyoosha bakora, akanionyesha foleni ilipoanzia na ilipopinda. Nikahesabu hatua, nikaandika.