Wanafunzi hujitokeza siku moja tu kusafisha ufukwe: nifanyeje?

SWALI: Mimi ni mlezi wa klabu ya mazingira katika chuo kikuu kimoja hapa Mwanza. Tukitangaza usafi wa ufukwe wa ziwa, wanafunzi hufurika na kupiga picha, lakini wiki inayofuata siwaoni. Nifanye nini ili washiriki kwa kudumu?

JIBU: Ndugu mlezi, sidhani kwamba wanafunzi wako hawajali, kazi uliyowapa ndiyo inayokwisha siku hiyohiyo. Mvua ikinyesha, Mto Mirongo unaokatiza mjini hushusha taka nyingine ziwani, na aliyeokota chupa Jumamosi hana la kuonesha. Ningeanza na taka za chuo chenyewe, tena kwa kuzipima.

Chagua siku tatu za kawaida katikati ya muhula, zisizo na mitihani wala sherehe. Kila jioni taka za kantini zimwagwe juu ya turubai na kuchambuliwa: mabaki ya ugali na wali, maganda, chupa za plastiki, karatasi, na vile vifungashio laini ambavyo bado hugeuzwa mifuko licha ya katazo la mifuko ya plastiki la Juni 2019. Kila fungu lipimwe kwenye mizani na uzito wake uandikwe daftarini, pamoja na idadi ya sahani zilizouzwa siku hiyo. Ukigawa uzito wa mabaki ya chakula kwa idadi hiyo, utapata gramu zinazotupwa kwa kila sahani, na mwenye kantini ataielewa hesabu hiyo upesi kuliko hotuba yoyote, kwa sababu ni fedha yake. Akikubali kuuza nusu sahani, pimeni tena kwa utaratibu uleule.

Kabla ya yote, uongozi uthibitishe kwa maandishi nani atapokea ripoti na atajibu lini. Waombe pia wahadhiri waikubali kazi hii kuwa mada ya utafiti wa mwaka wa mwisho. Maksi huvuta watu kuliko fulana za bure, na sioni ubaya wowote katika hilo.

Ufukweni mnaweza kuendelea kwenda, ila asiingie mtu majini pekupeku kung'oa magugumaji, kwani konokono wanaoeneza kichocho hukaa humo. Wayavute kwa reki ndefu wakiwa nchi kavu, wamevaa glavu na mabuti ya mpira. Aliyekwisha kuingia majini akapime baada ya wiki sita hadi nane, kwa kuwa akipima mapema mno mayai ya kichocho huenda yasionekane.