Kodi ya kiwanja Majengo: msikimbilie hoja ya miaka 12

Ndugu uliyeuliza: nyumba mmejenga wenyewe hapo Majengo, Mombasa, tangu enzi za babu, ardhi ni ya tajiri, na sasa kaleta notisi mhame kwa sababu kapata mjenzi wa maghorofa. Mtaani kwetu, papa hapa kisiwani, yalitufika hayo hayo.

Wengi wamekujibu kwamba mkishapitisha miaka 12 ardhi ni yenu. Pole pole. Sura ya 22 ya sheria za Kenya, ile ya ukomo wa muda wa kudai, inampa nafasi hiyo aliyekaa bila ruhusa ya mwenyewe. Nyinyi mnalipa kodi ya kiwanja, na kila risiti inasema mko pale kwa idhini yake. Wakili wake ataanzia hapo. Wala msijifananishe na maskwota wa shamba la bwana Waitiki kule Likoni. Wale hawakuwa wapangaji wake, na serikali ndiyo iliyolinunua, Rais Uhuru Kenyatta akagawa hati Januari 2016. Ile ilikuwa nusu sheria, nusu siasa. Na hasira za sheria ya hati ya 1908, iliyowanyima ardhi Wapwani wasiopeleka madai, mimi ninazo pia, ila mbele ya hakimu hazitawafikisha mbali.

Hata hivyo, risiti zitunzeni. Zetu ziliandikwa jina la marehemu babu, wino wa kaboni umefifia, kinachosomeka ni mhuri tu. Zilitosha kuonyesha sisi ni wapangaji wa kiwanja, si wavamizi. Na hata mvamizi kwenye ardhi ya mtu, tangu sheria irekebishwe 2016, hupewa notisi ya maandishi isiyopungua miezi 3, na anaweza kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Je, ajenti bado anapokea kodi? Wetu alizoea kuja barazani, kahawa anywe, risiti aandike. Ghafla ikawa "subirini kwanza". Ajenti wa Mombasa kukataa pesa! Kumbe mnunuzi keshapatikana, na baadaye tukadaiwa malimbikizo. Akikataa, pelekeni kupitia wakili, kwa barua.

Kilichotuumiza zaidi ni mirathi. Dalali hakubisha hodi kwa waliokaa ndani. Alimtafuta mrithi aliye mbali, mwenye shida zake, akamtilisha sahihi ya fidia ya "mawe na mabati". Nyumba zilizokwisha kugawanywa kwa Kadhi hazikuchezewa hivyo. Kama yenu bado iko kwa jina la babu, anzieni kwa Kadhi, wakili baadaye.

Halafu mmoja wenu aende ofisi ya ardhi aangalie hati iko kwa jina la nani leo. Kama haijahamishwa, andikeni ofa ya kununua, mtaa mzima barua moja. Bei ya kwanza itawatisha. Yetu ilishuka walipoona hatuji mmoja mmoja.

Hiyo notisi imetiwa sahihi na nani, mwenye hati au mnunuzi? Iweke hapa, majina uyafiche.