Maswali na Majibu: Ubora jeshini uanzie wapi?

SWALI: Nasimamia karakana ya magari ya jeshi. Tumeagizwa tuanzishe usimamizi wa ubora. Kamati ipo, semina zimefanyika, lakini magari yanazidi kulala. Tumekosea wapi?

JIBU: Kamati haitengenezi gari. Jenerali Bill Creech alipokabidhiwa Tactical Air Command, kamandi ya ndege za kivita ya Marekani, mwaka 1978, matengenezo yalikuwa yamerundikwa ngazi ya juu na fundi akipangiwa ndege yoyote. Aliwarudisha mafundi kwenye skwadroni, yaani vikosi vya ndege, akasogeza vipuri karibu na ndege, na kila ndege ikawa na fundi wake mkuu, jina lake limeandikwa ubavuni. Hadi anastaafu 1984, ndege ziliruka mara nyingi zaidi. Bajeti nayo ilikua, kwa hiyo sifa zote si za mpangilio.

Wewe anza na aina moja ya gari. Andikeni kwanza maana ya "gari zima": breki ikivuja kidogo, ni zima au bovu? Bila jibu moja, takwimu za vikosi viwili hazilinganishiki. Kisha kadi ya kazi ionyeshe nyakati nne: gari kupokelewa, tatizo kujulikana, kipuri kufika, gari kukabidhiwa. Mara nyingi utakuta muda umeliwa na kungoja kipuri au sahihi. Hesabu pia magari yanayorudi ndani ya siku 30 kwa ubovu uleule.

Ukishapata takwimu za wiki 20, tafuta kwa kila wiki wastani wa siku ambazo gari hukaa karakana, kisha wastani wa wiki zote. Chukua tofauti kati ya kila wiki na inayofuata bila kujali imepanda au imeshuka, tafuta wastani wa tofauti hizo, zidisha kwa 2.66, kisha jibu hilo lijumlishe kwenye wastani wa wiki zote, na pia ulitoe humo. Hiyo ndiyo mipaka yako ya kupanda na kushuka kwa kawaida. Wiki iliyo ndani ya mipaka usimwite fundi kujieleza. Kinachotakiwa kubadilishwa ni mfumo. Iliyo nje, chunguza sababu yake siku hiyohiyo.

Hapa ndipo majeshi hujikwaa. Namba ikiharibika, mtu anahojiwa. Mwezi unaofuata inapendeza, lakini kwenye karatasi tu. Kosa aliloripoti fundi mwenyewe lisipelekwe kwenye nidhamu, isipokuwa amekusudia.

Halafu kamanda huhamishwa, na mpango hufa. Weka utaratibu huu kwenye amri za kudumu, na chati za takwimu hizo za wiki ziingie kwenye hati ya makabidhiano, anayetoka na anayeingia wazisaini kama wanavyosaini silaha.