Jangwani: waanze na mlima, si nguzo

Mmeuliza wiki hii: daraja gani mjini kwenu ungelijenga upya, na ungeanzia wapi? Langu ni la Jangwani, Dar es Salaam, pale Barabara ya Morogoro inapouvuka mto Msimbazi kati ya Magomeni na Fire. Nalipita kwa baiskeli karibu kila siku, trei za mayai nyuma.

Kiangazi unaweza usijue kama umevuka mto. Mvua ikipiga Pugu, kwenye vilima mto unakotokea, ndipo unakumbuka. Maji yanashuka na mchanga na chupa za plastiki, yanaziba chini ya daraja, kisha yanapanda juu ya lami. Barabara inafungwa, mabasi ya mwendokasi yanasitisha safari, na papo hapo biashara mpya inaanza: vijana wa kubeba watu mgongoni. Mama aliyevaa vizuri kwenda kazini anapatana bei kama ananunua nyanya, anavua viatu, anapanda. Nami nilishabebwa. Baiskeli ilibebwa na kijana mwingine, ikatozwa kunizidi mimi.

Dawa inayosemwa ni daraja refu na la juu zaidi, ndani ya mradi wa bonde la Msimbazi ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia dola milioni 200 mwaka 2022. Silipingi hilo, mchanga tumeuzoa sana na unarudi. Ila daraja likiinuliwa, kuna mlima wa kulipanda. Mwenye gari hausikii. Mwenye guta la magunia, ile baiskeli ya mizigo ya magurudumu matatu, anausikia magotini, na ukimshinda anashuka kusukuma, honi zikimlia nyuma. Kwa hiyo ningeanza na mlima: ulazwe, uanzie mbali, hata kama unakula ardhi.

Halafu njia ya pembeni. Leo tunaigombania sote: watembea kwa miguu, baiskeli na bodaboda wanaokwepa foleni. Wengine wanataka vigingi, lakini kigingi kinachomzuia bodaboda kinamzuia pia mwenye guta na mwenye kiti cha magurudumu. Upana ndio wa kudai. Daraja la Tanzanite, lile la baharini hapahapa Dar, lililofunguliwa mwaka huohuo wa 2022, lilipewa njia nzuri ya miguu, na jioni watu wanakwenda kupunga upepo. Sisi wa Kariakoo upepo tutausamehe.

Mhandisi anayetaka kuupima mlima wake aje alfajiri, nitamwazima baiskeli ikiwa na mzigo wake. Mayai yakivunjika, atalipa.