Asilimia 2 ya chama, slipu ya kwanza na daraja lako: jibu kwa mwalimu mpya

Mdogo wangu, swali lako linarudi humu kila msimu wa ajira mpya, na mara nyingi anayeuliza anaishia kusoma matusi tu. Umesema umeripoti kituoni, mshahara wa kwanza umeingia, na kwenye slipu umekuta asilimia 2 imekwenda Chama cha Walimu Tanzania, CWT, wakati hukumbuki kujaza fomu ya chama. Unataka kujua kama makato hayo ni halali, kama ujitoe au ubaki, na kwa nini kinachobaki mkononi ni kidogo hivyo. Nimefundisha sekondari za serikali kwa miaka mingi, na sehemu kubwa ya miaka hiyo walimu wenzangu walinichagua kuwa mwakilishi wa chama shuleni. Nitakujibu kwa yale niliyoyashika kwa mikono yangu.

Nianze na hela inakokwenda, kwa sababu wengi wanagombana na mstari mmoja wa slipu bila kuisoma yote. Tuchukue mshahara wa 800,000 kwa mfano tu, wewe utaweka wa kwako. PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, wanachukua asilimia 5, ni 40,000, na mwajiri anakuongezea asilimia 15 ambayo huioni ikipita mkononi. NHIF, yaani bima ya afya, asilimia 3, ni 24,000, na mwajiri naye anatoa 3. Kodi ya PAYE inapigwa baada ya kutoa mchango wa pensheni, kwa hiyo kwenye mfano wetu inapigwa juu ya 760,000: zile 270,000 za mwanzo haziguswi, kutoka hapo hadi 520,000 ni asilimia 8, na kutoka 520,000 hadi 760,000 ni asilimia 20. Inakuja 68,000. Kama ulisoma kwa mkopo, Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15 ya mshahara, ni 120,000. Chama kinachukua 16,000. Ukijumlisha yote ni 268,000, unabaki na 532,000.

Kwa hiyo kati ya makato yote, la chama ndilo dogo kuliko yote. Bado una haki ya kulihoji, maana ni hela yako na litakufuata mpaka unastaafu. Ila kinachokubana hasa ni mkopo wa chuo na kodi. Mkopo una mwisho wake, hivyo omba taarifa ya salio kila mwaka ili siku deni likiisha uwe na karatasi ya kudai makato yasimame. NHIF nayo usiiache ikae bure: andikisha mwenza na wategemezi wako mapema, wazazi nao wamo, kwa sababu siku ya kuuguza huwa hakuna muda wa kuhangaika na fomu.

Na kwa kuwa bado ni mgeni kazini, nikuonye kuhusu theluthi moja. Kanuni ni kwamba makato yote kwa pamoja hayatakiwi kukuacha na chini ya 1/3 ya mshahara wako. Kwenye mfano wetu 1/3 ni kama 266,667. Watu wa benki wanaijua hesabu hiyo kuliko wewe, na watakufuata mpaka ofisi ya walimu wakuambie unakopesheka kiasi gani. Ukiichukua nafasi yote mwaka wa kwanza, likitokea la kutokea utaangukia kwa kausha damu, wale wakopeshaji wa riba kali, unamwachia mtu kadi yako ya benki na namba ya siri. Nimeona walimu wazuri sana wakifundisha miaka kadhaa bila kuugusa mshahara wao wenyewe. Inaniuma kila nikikumbuka.

Sasa uhalali. Katiba yetu, ibara ya 20, inakataza mtu kulazimishwa kujiunga na chama chochote. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 61, inasema mwajiri atakata ada ya chama pale mfanyakazi alipomruhusu kwa fomu maalumu, ile tunayoiita TUF 6. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuuliza kwa Afisa Utumishi kama kuna TUF 6 yenye saini yako. Wakati wa kuripoti mtu anajaza makaratasi mengi kwa siku moja akiwa amechoka na safari, na fomu hiyo inaweza kuwa katikati ya nyingine. Kama ipo, wewe ni mwanachama. Kifungu hichohicho kinakuruhusu kuiondoa ruhusa kwa notisi ya maandishi ya mwezi mmoja, kwa mwajiri na kwa chama. Zote mbili. Ukimwandikia mmoja tu, barua yako ina kilema.

Kama fomu haipo, usikimbilie kusema umeibiwa. Kifungu cha 72 cha sheria hiyo kinaruhusu chama chenye wanachama wengi mahali pa kazi, kile kinachotambuliwa kujadiliana na mwajiri, kuingia makubaliano ya kukata ada ya uwakala kwa wasio wanachama. Hoja yake ni kwamba chama kikijadili mshahara, matunda yanawafikia wote, hata ambao hawakuchangia. Lakini ada hiyo ina masharti: isizidi ile ya wanachama, ikae kwenye akaunti yake tofauti, itumike kutetea maslahi ya wafanyakazi wa mahali hapo, na isipelekwe kwa chama cha siasa wala kwa mgombea. Tena makubaliano hayo hayakugeuzi kuwa mwanachama. Kwa hiyo swali la kuandika kwenye barua yako ni hili: "Naomba kufahamishwa kama makato haya ni ada ya uanachama au ada ya uwakala, na kupewa nakala ya kinachoyahalalisha." Sentensi hiyo inatosha. Ukiandika hasira kurasa mbili, barua inalala masijala.

Kuna wanaokwambia hamia CHAKUHAWATA, Chama cha Kulinda na Kutetea Haki za Walimu Tanzania. Ni haki yako pia, ni chama cha walimu kama kingine. Ila ukihama, fuata notisi kwanza ndipo ujaze fomu mpya, usije ukakatwa na vyama viwili miezi kadhaa huku kila ofisi ikikuelekeza kwa mwenzake.

Ubaki au utoke? Mimi nilibaki, na nakushauri ubaki angalau mpaka uthibitishwe kazini. Sababu yangu haina uhusiano na fulana za Mei Mosi wala mabati ya wastaafu, ambayo watu huyataja kama ndiyo faida yote ya chama. Sababu yangu ni hati ya mashtaka.

Nikupe mfano mmoja. Mwenzetu mmoja alipigiwa simu usiku kwamba mama yake amezidiwa. Alimuaga mkuu wa shule kwa mdomo, akaondoka alfajiri. Kule mgonjwa alikaa wodini muda mrefu. Katikati ya hapo mkuu wa shule akahamishwa, aliyekuja hakukuta ruhusa yoyote kwenye jalada. Utumishi wa umma unahesabu kutokuwepo kazini bila ruhusa zaidi ya siku tano kuwa kosa la kufukuzwa. Mwalimu aliporudi alikuta hati ya mashtaka ya utoro inamsubiri, yenye siku za kujibu, na yeye hata hakujua kwamba kukaa kimya kungechukuliwa kuwa hana utetezi. Katibu wa chama wa wilaya alikaa naye mpaka jioni wakaandika majibu, wakaambatisha karatasi za hospitali, wakamtafuta mkuu wa zamani akaandika maelezo yake. Shauri likaisha kwa onyo. Bila yule katibu nina hakika tungempoteza mwalimu yule.

Ndiyo maana nakwambia, ruhusa yoyote iwe ya maandishi, hata ya siku moja, hata kama mkuu wako ni rafiki yako. Na ujue mamlaka ya ajira na nidhamu kwa walimu ni Tume ya Utumishi wa Walimu, TSC, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015. Mshahara na madai yako yanapita kwa Mkurugenzi wa halmashauri. Mwalimu asiyejua nani anashika nini huzungushwa mlango hadi mlango.

Upungufu wa vyama nao upo na sitauficha. Kuna wilaya ambako mwanachama humwona kiongozi wake wakati wa uchaguzi tu. Kuna maswali ya haki kabisa kuhusu matumizi ya michango, na kila mwanachama anapaswa kuyauliza kwenye mkutano, taarifa ya fedha ikiwa mezani. Na wanaouliza kwa nini chama hakigomi, wakumbuke mwaka 2012. Mgomo ulianza Julai 30, tukidai nyongeza ya asilimia 100 ya mshahara pamoja na posho za kufundishia na za mazingira magumu, na Agosti 2 Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, ikatamka kwamba si halali. Baada ya hapo nguvu kubwa imekuwa kwenye majadiliano na kwenye jukwaa la Mei Mosi. Kurejeshwa kwa nyongeza ya mwaka kulitangazwa Mei Mosi 2023 Morogoro, na kupanda kwa kima cha chini cha utumishi wa umma kutoka 370,000 hadi 500,000 kulitangazwa Mei Mosi 2025 Singida.

Lakini kuna jambo hukuuliza kabisa, nalo ndilo litakalokugharimu kuliko hiyo 16,000: daraja, yaani ngazi yako ya mshahara.

Pensheni yako haipigwi kwa jumla ya ulichochanga. Inapigwa kwa miezi uliyochangia na wastani wa mishahara ya miaka mitatu bora ndani ya miaka kumi ya mwisho. Unazidisha miezi kwa wastani wa mshahara wa mwaka, unagawa kwa 580, unapata pensheni ya mwaka. Mkupuo, yaani hela ya mara moja unapostaafu, ni pensheni hiyo mara 12.5, kisha unachukua asilimia inayolipwa mara moja; asilimia inayobaki ya pensheni ndiyo unayolipwa kila mwezi. Asilimia hiyo iliwekwa 33 mwaka 2022, na bajeti ya 2024/25 ikaipandisha hadi 40 kwa watumishi wa kundi lililokuwa likipata 50 zamani, ambamo walimu wengi wamo.

Chukua walimu wawili waliochangia miezi 360. Wa kwanza wastani wake ni 1,000,000 kwa mwezi. Mkupuo wake ni kama 37,240,000, na pensheni ya kila mwezi kama 372,000. Wa pili alipanda madaraja yake kwa wakati, wastani wake ni 1,150,000. Mkupuo unakuwa kama 42,830,000 na kila mwezi kama 428,000. Tofauti ya pensheni pekee ni karibu 56,000 kila mwezi, kwa maisha yote yaliyobaki. Na hapo hatujahesabu mshahara pungufu wa miaka yote kabla ya kustaafu.

Walimu wa rika langu tunalijua hili kwa uchungu, kwa sababu mwaka 2016, wakati wa uhakiki wa watumishi hewa na vyeti, upandishaji madaraja ulisimamishwa. Waliokuwa na barua mkononi na wasiokuwa nazo wote walikwama, na ulipofunguliwa tena, aliyekuwa na kumbukumbu zake kamili ndiye aliyekuwa na la kusema. Nimewasindikiza wenzangu masijala ambako barua ya kuthibitishwa haionekani kwenye jalada, na mwalimu mwenyewe hana nakala. Huyo hawezi kupandishwa, maana kwenye karatasi bado yuko kwenye majaribio.

Kwa hiyo fanya hivi kuanzia wiki hii. Nunua faili moja, weka humo barua ya ajira, ya kupangiwa kituo, na fomu zote ulizojaza. Pakua slipu yako kila mwezi na uhifadhi. Ukitimiza muda wa majaribio wa mwaka mmoja, usisubiri kukumbushwa, andika kuomba kuthibitishwa kupitia kwa mkuu wa shule. Jaza tathmini ya utendaji kwenye mfumo kwa wakati, hata mtandao ukisumbua. Ukipata barua ya daraja na mshahara usibadilike mwezi unaofuata, andika dai la malimbikizo hapohapo ukiambatisha barua na slipu za kabla na baada, usingoje yafike ya mwaka. Kila barua unayopeleka iwe na nakala yako iliyogongwa muhuri wa kupokelewa na tarehe.

Ukihamishwa na mwajiri, una haki ya posho ya usumbufu, nauli na kujikimu, wewe na familia. Ukiomba mwenyewe kuhama au kubadilishana na mwenzako, hayo huwezi kuyadai. Soma barua ya uhamisho kabla ya kufunga mizigo uone imeandikwa nini.

Kuhusu TUF 6, ukishajibiwa na Afisa Utumishi rudi hapa uniambie amesema ni ada ipi, maana barua ya kujitoa na barua ya kupinga ada ya uwakala zinaandikwa tofauti. Nitakusaidia kuandika itakayohitajika.