Kupeleka watoto kijijini kwa kambo (babu): jibu kutoka kwa mtu wa Bunkeya

Ndugu, umeuliza mambo mawili: kama sikukuu ya Desemba ni wakati mzuri wa kuwapeleka watoto waliozaliwa Lubumbashi wakaone kwao, na kama inafaa kulala huko. Kwetu pia ni Bunkeya, huku Katanga nchini Kongo, basi nakujibu kama tulivyofanya sisi.

Sikukuu ya Bayeke, kabila la mfalme Msiri, ni tarehe 20 Desemba, siku Msiri alipouawa mwaka 1891 na watu wa Kapteni Stairs waliotumwa kwa ajili ya mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Ni sherehe ya kweli, ngoma zinalia na watu wanatoka kila upande. Lakini Desemba ni mvua. Ukishaiacha lami ya Likasi, ni tope, na gari dogo utalisukuma na suti yako. Hata ukifika salama, wazee hawana nafasi na wewe: kila mmoja ana wageni, ana kazi ya sherehe. Watoto wataona umati, watapiga picha, watarudi bila kujua yupi ni ndugu na yupi ni mpita njia. Nenda Julai au Agosti. Shule zimefungwa, njia ni kavu, vumbi utalioga tu. Asubuhi kuna baridi, beba masweta.

Sisi tulikwenda na sukari, chumvi, sabuni na vitenge kwa ajili ya mama wakubwa. Usigawe vitu mlangoni mwa gari. Mkabidhi mkubwa wa familia, yeye anajua nani apewe nini, na lawama zitabaki kwake. Kabla ya kutembeza watoto, mzee huyo akupeleke kwa chifu mkajulikane. Watu wa mjini tunaona ni kupoteza muda, ila bila hilo kila kona utaulizwa wewe ni nani.

Binti yangu alitegemea kuona jumba la mfalme, sura ikamwanguka alipoona nyumba za matofali na kuku. Kilichomgeuza ni kambo. Alimshika mkono akasema huyu ni bibi yangu, yaani mke wangu, amechelewa kuja kunipikia bukari (ugali), na mahari hatoi kwa sababu amemkuta hajui kutwanga. Binti akajibu kwamba mume mzee hivyo hamtaki. Uwanja mzima ukacheka, na tangu hapo hakuwa mgeni tena.

Sasa jambo ambalo wengi hulikwepa. Shuleni watoto wanasoma kwamba Msiri alifanya biashara ya shaba, pembe za ndovu na watumwa, na ni kweli. Nyumbani wanasikia kwamba alikuwa mfalme mkubwa, mtoto wa Kalasa kutoka Unyamwezi, aliyekataa kusaini karatasi za wazungu. Mwanangu wa kwanza aliuliza wazi mbele ya wazee: sasa alikuwa mtu mzuri au mbaya? Nilitaka kumnyamazisha, kambo akanizuia. Akaeleza upande wa Bayeke, marefu sana, hadi chai ikapoa. Alipomaliza, mjane wa ndugu yake, ambaye ni Msanga, kabila lililotawaliwa na Msiri, akasema kwao wanakumbuka vingine: Basanga walikuwa wamekwisha kumwasi Msiri hata kabla wazungu hawajamuua. Wakabishana kwa Kisanga na Kiswahili, hasira kidogo, kicheko kingi. Mimi ninaona watoto wasikilize pande zote mbili, hasa kwenye familia kama zetu ambazo damu hizo zimechanganyika ndani ya nyumba moja. Ukimwachia mzee mmoja tu ndiye aseme, utapata sifa tupu.

Rekodi sauti kwa simu, lakini omba ruhusa kwanza. Na andika majina ya babu wa babu hapo hapo, kwa sababu mkirudi nyumbani kila mtu atakuwa na orodha yake.

Kuhusu kulala: laleni, hata usiku mmoja. Maneno mazuri yanatoka jioni, wageni wakishaondoka. Siku ya kurudi ondokeni alfajiri, maana ukiingia barabara ya Likasi jioni utakuwa katikati ya malori ya shaba yanayoshuka Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na hapo hata dereva mzuri anachoka. Chakula cha njiani nunueni Likasi, na mafuta ya gari pia.